Daftari la Rambirambi

Msibani Sumbawanga unapokelewa na meza. Iko getini, au chini ya mti kama nyumba haina geti, na nyuma yake ameketi kijana mwenye mwandiko mzuri aliyekabidhiwa kaunta buku. Amelipiga mistari kwa rula: namba, jina, anakotoka, kiasi. Unataja jina, unatoa elfu mbili au elfu tano, anaandika. Mama aliyefika na debe la mahindi kichwani anaandikiwa debe. Aliyeleta mzigo wa kuni anaandikiwa kuni, na katika mji huu ulio zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako baridi ya Julai inaingia hadi kwenye mifupa, kuni za matanga si jambo dogo. Jina la marehemu limeandikwa mara moja tu, juu ya ukurasa wa kwanza, pamoja na tarehe. Kuanzia hapo daftari ni la walio hai.

Nimekaa kwenye misiba mingi ya Ufipa, na kwa miaka sikulitazama daftari hilo mara mbili. Nilianza kulitazama baada ya mwaka 2021, nilipokuwa nikitafuta jibu la swali nililoliona jepesi: korona iliua watu wangapi kwenye uwanda huu wa juu? Swali hilohilo ukiliuliza kuhusu mafua makubwa ya mwaka 1918 unagonga ukuta uleule. Zaidi ya miaka mia moja imepita kati ya maradhi hayo mawili. Katikati tumejenga hospitali, lami, minara ya simu na ofisi ya takwimu, lakini ukuta haujasogea sana.

Njia ya wapagazi

Njia ya ugonjwa wa 1918 inajulikana kuliko idadi ya wafu wake, maana meli na treni zina ratiba, makaburi hayana. Mwezi Agosti mafua yalishuka Freetown, Sierra Leone, kutoka kwenye manowari ya Uingereza. Septemba yalikuwa Cape Town, yameletwa na meli za askari waliokuwa wakirudi makwao. Yakapanda treni hadi kwenye machimbo ya almasi ya Kimberley, yakaendelea kaskazini hadi Rhodesia. Mwezi huohuo yaliingia Mombasa kwa upande wa Bahari ya Hindi na reli ya Uganda ikayapeleka bara. Tanganyika ikabanwa katikati.

Ufipa haikuwa na reli, na mpaka leo haina. Ilikuwa na njia za miguu. Vita Kuu vilikuwa vimetimiza miaka minne, na jeshi la Kiingereza la upande huu wa kusini-magharibi lilikula kilichobebwa kichwani na Wabemba, Wamambwe na Walungu, wapagazi waliojulikana Rhodesia ya Kaskazini kwa jina la tenga-tenga. Mpagazi alitembea na mzigo mchana, akalala chini usiku, akala ugali usioiva, akaugua. Hesabu rasmi ya Waingereza ya wapagazi waliokufa katika vita vya Afrika Mashariki inapita 40,000, na karibu kila mwanahistoria anayeitaja huongeza kwamba ni pungufu. (Kariakoo ya Dar es Salaam ilipata jina kutokana na kikosi chao. Konda anayeita abiria wa Kariakoo anaita jeshi lililokufa zamani.)

Halafu vita vyenyewe vikaja kuishia kwenye kizingiti cha Ufipa. Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck wa Ujerumani alivuka Ruvuma kutoka Msumbiji mwishoni mwa Septemba 1918, akapita Ubena maradhi ya mapafu yakiwa yamekwisha kukiingia kikosi chake, akaacha wagonjwa nyuma. Mwanzoni mwa Novemba alikuwa Fife, jirani na ilipo Nakonde ya leo, kisha akafika Kasama. Habari kwamba Ulaya vita vimekwisha tarehe 11 zilimkuta huko siku mbili tatu baadaye. Tarehe 25 Novemba, mbele ya Jenerali Edwards wa Uingereza, watu wake waliweka silaha chini Abercorn, mji unaoitwa sasa Mbala: Wajerumani 155, askari Waafrika 1,168, na nyuma yao mamia kwa mamia ya wapagazi, wanawake na watoto. Kutoka Mbala mpaka upande wa Kalambo ni mwendo wa siku moja kwa miguu.

Waliteremshwa hadi Kasanga, ambayo Wajerumani waliiita Bismarckburg, wakapakiwa kwenye vyombo kuelekea Kigoma, na Kigoma wakaingizwa kwenye treni. Askari na wapagazi walizuiwa kambini Tabora. Wajerumani walipelekwa Dar es Salaam kungoja meli ya kwao. Mafua yalikuwa safarini nao. Watu waliookoka miaka minne ya risasi, mbung'o na njaa walifia kambini, wengi, wakisubiri ruhusa ya kwenda nyumbani.

Vitabu vya vita hufunga hadithi hapo, na jenerali akiwa amesimama wima. Mimi hubaki nikiwafikiria ambao hawakupakiwa: tenga-tenga wa pande zote, waliolipwa na wasiolipwa, walioambiwa tu kwamba kazi imekwisha, nendeni. Mtu wa namna hiyo anapoingia kijijini jioni, amekonda na anakohoa, haachwi nje. Anakaribishwa motoni, anapewa maji ya kunywa kwenye kata ileile ya wenyeji, analala na vijana wa nyumba. Asubuhi anaendelea na safari. Siku ya tatu anaanza kukohoa mwenye nyumba.

Serikali iliyohesabu nyumba

Wanahistoria wa Tanganyika hutaja makadirio ya vifo kati ya 50,000 na 80,000 kwa nchi nzima. Hesabu ya watu ya mwaka 1921 ilitoa takriban milioni 4.1. Basi ni watu kama 12 hadi 20 katika kila 1,000. Lakini watafiti waliochambua kumbukumbu za kikoloni za pwani ya Kenya, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2019, walipata vifo kama 25 katika kila 1,000. Chukua kiwango hicho, kipachike juu ya Tanganyika ya 1921, na unapita laki moja. Sisemi kwamba laki moja ndiyo sahihi. Pwani ni pwani na bara ni bara. Nasema kwamba kati ya makadirio ya chini na hayo ya juu kuna watu elfu hamsini, ukubwa wa mji mzima, ambao wanaingia au kutoka kulingana na penseli ya anayekokotoa.

Sababu yake haina siri. Waingereza walikuwa wageni nchini, na walichokihesabu kwa makini ni nyumba, kwa kuwa nyumba ilitozwa kodi. Mtoto akifa, nyumba haipungui. Bibi akifa, nyumba haipungui. Akifa mwanamume mwenye nyumba, karani anagundua msimu wa kodi unapofika, na kwenye daftari lake hilo si kifo, ni upungufu wa mapato. Sheria ya kusajili vizazi na vifo ilitungwa mwaka 1920, ugonjwa ukiwa umekwisha kupita, na hata hapo ililazimisha kwanza Wazungu, halafu Waasia. Kwa Mwafrika usajili ulibaki hiari mpaka baada ya uhuru.

Je, wenyewe waliouguliwa hawakukumbuka? Walikumbuka, ila kwa jina jingine. Mtafiti James Ellison, aliyefanya kazi kusini-magharibi mwa nchi yetu, hasa huko Unyakyusa, aliandika juu ya mafua haya katika kitabu cha pamoja kilichotoka mwaka 2003, na kichwa cha sura yake kinazungumzia njaa kali. Alipowauliza wazee habari za ugonjwa, walimweleza njaa. Ugogo nako njaa ya 1917 hadi 1920 ina jina lake mpaka leo, Mtunya. Njaa hupewa majina. Mafua hayapewi.

Ukikaa na mkulima wa Ufipa utaelewa kwa nini mambo hayo mawili yanashikana. Uwanda huu una miti michache na udongo uliochoka, na Wafipa waliumudu kwa ufundi wao wa matuta, intumba. Mvua zinapoelekea kwisha na majani yamerefuka, mkulima anageuza udongo na majani yake, anayafukia kwenye vilima vidogo vya mviringo, anayaacha yaoze ndani kiangazi chote. Mvua za kwanza za Novemba na Desemba zikija, anavibomoa vilima, anatandaza mboji yake, anapanda. Ni kazi nzito ya jembe la mkono, na ina wiki zake. Ukizikosa, umekosa mwaka.

Sasa ingiza homa katika wiki hizo. Mafua ya 1918 yalikuwa na tabia iliyowashangaza madaktari dunia nzima: yaliwaacha wazee wengi na kuwachukua watu wa miaka 20 hadi 40, ndio wenye kushika jembe. Familia iliyozika baba Desemba, na mama akabaki kitandani wiki tatu, itakula nini Machi? Na mtoto anayekufa Machi hiyo kwa tumbo tupu, tumwandike wapi? Karani wa takwimu atamweka kwenye safu ya njaa. Ndugu zake nao watasema alikufa mwaka wa njaa. Mafua yanaondoka bila jina lake kutajwa, na hata mimi nikiwa karani nisingejua la kufanya.

Nani, siyo wangapi

Mgeni wa Sumbawanga hukaa siku mbili kabla hajasimuliwa maana ya jina la mji: sumba wanga, tupa uchawi wako kabla hujaingia. Wenyeji hulisimulia wakicheka, na wageni kutoka Dar hucheka kwa wasiwasi. Lakini ndani ya jina hilo kuna namna nzima ya kuuliza kuhusu kifo. Serikali mbele ya maiti inauliza wangapi. Msiba unauliza nani.

Miaka ya 1930 vijana kutoka Nyasaland walipita nchi ya Wabemba na kuingia mpaka huku wakiwa na dawa ya mchape, ya kuwanywesha watu ili mchawi ajulikane na uchawi umtoke. Miaka ya 1960 mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyeishi na kuandika mengi juu ya Wafipa, aliikuta harakati hiyo hai ikiitwa Kamchape. Sitaki kudai kwamba mchape ulizaliwa na mafua. Hilo halina ushahidi. Linalonivutia ni barabara. Dawa hiyo ilipanda Ufipa kutoka kusini kwa njia zilezile za miguu ambazo tenga-tenga walirudi nazo na kikohozi chao, na ambazo mabasi ya Tunduma yanapita karibu nazo leo.

Tena swali la nani halistahili kuchekwa. Mtaalamu wa afya anayemfuatilia mgonjwa wa kipindupindu au wa Ebola anaanza na hilohilo: ulikula na nani, ulilala na nani chumba kimoja, nani alimwosha marehemu. Tofauti ni mahali swali linapoishia. La mtaalamu linaishia kwenye orodha ya majina ya kutazamwa kwa siku kadhaa. La kijijini lina mazoea ya kuishia kwa kikongwe asiye na mtetezi.

Kitabu cha parokia

Ufipa ilikuwa na mwandishi mwingine ambaye hakutoza kodi ya nyumba. Mapadre Weupe walipokea kituo cha Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, na kutoka huko wakapanda uwandani na kusambaza misheni zao. Kanuni ya shirika lao ilidai kila kituo kiandike shajara ya kila siku: nani kafika, mvua imenyesha au la, nani kaugua. Na parokia ya Kikatoliki popote duniani ina vitabu vya ubatizo, vya ndoa na vya marehemu. Mtu akizikwa na Kanisa, ameandikwa.

Karema ilikuwa pia na tabibu. Adriano Atiman alizaliwa Afrika Magharibi, katika eneo la Mali ya sasa, akakamatwa mtumwa akiwa mtoto, akakombolewa na mapadre na kusomeshwa utabibu Malta. Alifika Karema mwaka 1889 na hakuondoka. Alifariki huko mwaka 1956. Wakati mafua yanapita alikuwa na karibu miaka thelathini ya kutibu watu wa ziwani, na hospitali ya Kanisa mjini Sumbawanga inaitwa kwa jina lake. Nikipita mbele ya lango lake huwaza kwamba mtu mmoja wa aina yake alifaa zaidi kuliko boma zima lililokuwa likihesabu nyumba.

Kasoro ya kitabu cha parokia ni ukuta wake. Asiyebatizwa hayumo, na mwaka 1918 wasiobatizwa walikuwa wengi. Aliyekufa porini hayumo. Aliyezikwa haraka na majirani, padri akiwa mwenyewe kitandani, huenda hayumo. Hata hivyo kitabu chenye ukuta kina faida moja kubwa: unajua kinahesabu nini. Ukiweka vifo vya Novemba ya 1918 kando ya vile vya Novemba tano zilizotangulia, katika kitabu kilekile, chenye waumini walewale, tofauti inazungumza hata kama sababu ya kifo haikuandikwa.

Hiyo, kwa kweli, ndiyo hesabu wanayoifanya wataalamu wakubwa wa dunia, ila kwa mashine. Mei 2022 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba katika miaka miwili ya 2020 na 2021 dunia ilikuwa na vifo milioni 14.9 zaidi ya ambavyo vingetarajiwa bila korona, ilhali vilivyokuwa vimeripotiwa kuwa vya korona ni milioni 5.4. Hawakumpima kila maiti. Waliuliza tu: kwa kawaida huwa tunazika wangapi, na safari hii tumezika wangapi? Swali hilo lina sharti moja. Ni lazima uwe unajua kawaida yako.

Tarakimu zilizosimama

Wala tusijisingizie kwamba nchi hii haiwezi kuhesabu. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI waligunduliwa Kagera mwaka 1983, ugonjwa ukiitwa Juliana mitaani. Kufikia 1986 kila mkoa wa Tanzania Bara, Rukwa ikiwemo, ulikuwa umeripoti wagonjwa. Ilichukua miaka mitatu kutoka ziwa hadi ziwa, na tunajua hivyo kwa kuwa mtu aliandika.

Korona ilianza kwa kuandikwa vizuri. Tarehe 16 Machi 2020 Waziri wa Afya Ummy Mwalimu alitangaza mgonjwa wa kwanza, mwanamke aliyetua Kilimanjaro akitokea Ubelgiji. Kesho yake shule zikaanza kufungwa. Kifo cha kwanza kilitangazwa tarehe 31 Machi. Mwezi wa Aprili tukawa tunasubiri tarakimu jioni kama tunavyosubiri matokeo ya mpira. Kisha mwanzoni mwa Mei zikasimama: wagonjwa 509, vifo 21. Tarehe 3 Mei Rais John Magufuli, akiwa Chato, alisimulia kwamba sampuli za papai na mbuzi zilipelekwa maabara kwa majina ya watu na zikarudi na korona. Kwa zaidi ya mwaka mzima baada ya hapo, ukifungua orodha ya dunia, Tanzania ilikuwa na wagonjwa 509 na vifo 21, kama saa ya ukutani iliyoisha betri.

Ila ugonjwa haukusoma orodha. Tarehe 9 Mei, wiki ileile, Zambia ilitangaza maambukizi mapya 85 kwa siku moja, na 76 kati yake yalikuwa Nakonde. Nakonde na Tunduma ni mji mmoja uliopitiwa na mpaka. Mama anavuka na ndoo ya nyanya bila kugeuza shingo. Rais Edgar Lungu akafunga mpaka kuanzia tarehe 11. Kwa hiyo mtu wa Sumbawanga aliyetaka kujua hali ya Tunduma, unapoanzia mwendo wa zaidi ya kilomita 220 za lami kuja kwake, ilimbidi asome habari za Lusaka. Na ni palepale, jirani na Fife ya zamani, alipopita Lettow-Vorbeck na watu wake waliokuwa wakikohoa.

Mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2021 lugha yetu ilifanya kazi ambayo maabara ziliacha. Watu hawakufa kwa korona. Walikufa kwa nimonia. Baadaye hata nimonia ikaonekana nzito, ikaja changamoto ya upumuaji. Neno changamoto lilikuwa la semina na miradi, na sasa likakabidhiwa kazi ya kubeba majeneza. Kwenye matangazo ya vifo, mwenye kusoma alijua na aliyeandika alijua kwamba amejua. Nyumbani watu walipiga nyungu, wakajifunika blanketi juu ya sufuria ya majani ya mwarobaini na mikaratusi, na mlango wa nyumba ukawekewa ndoo ya maji na sabuni bila tangazo lolote.

Wa kwanza kutoa idadi hadharani alikuwa tena Kanisa. Januari 2021 Rais wa Baraza la Maaskofu, Askofu Mkuu Gervas Nyaisonga wa Mbeya, aliandika kuwatahadharisha waumini juu ya wimbi jipya. Mwanzoni mwa Machi Katibu wa Baraza, Padri Charles Kitima, akasema kwamba katika miezi miwili mapadre zaidi ya 25 na masista zaidi ya 60 walikuwa wamefariki wakiwa na matatizo ya kupumua. Waliosikia walistuka na wengine walikasirika, lakini mimi nilijiuliza jambo dogo la kikarani: yeye amejuaje? Amejua kwa kuwa padri hafi bila kuandikwa. Ana jimbo, ana mkuu wa shirika, ana misa ya maziko na nafasi inayopaswa kujazwa. Bodaboda wa Sumbawanga hana. Muuza maharage wa Laela hana. Mvuvi wa Kasanga hana, isipokuwa ile meza ya msibani.

Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani tarehe 28 Julai 2021 na tarakimu zikarudi. Jumla iliyobaki kwenye kumbukumbu za Shirika la Afya Duniani ni wagonjwa kama 43,000 na vifo 846, kwa nchi ambayo sensa ya 2022 iliikuta na watu 61,741,120. Rukwa peke yake ilikuwa na 1,540,519. Sina haja ya kuwa mtaalamu kuona kwamba 846 ni idadi ya waliopimwa, wakaugua mahali penye kipimo, wakafia mahali penye kalamu.

Jirani zetu wanatuonyesha kilichofichika. Kati ya Juni na Septemba 2020 watafiti waliingia chumba cha maiti cha hospitali kuu ya chuo kikuu, Lusaka, wakawapima marehemu 364. Karibu mmoja katika kila sita alikuwa na virusi vya korona, na wengi wao walikuwa wamefia nyumbani. Waliopimwa wakiwa hai walihesabika kwa vidole. Huko Aden, Yemen, ambako vita vilikuwa vimevuruga kila ofisi, watafiti walitumia picha za satelaiti kuhesabu makaburi mapya kutoka angani, wakapata zaidi ya vifo 2,000 juu ya kawaida. Mbinu ya Aden ingetusumbua Ufipa, maana wengi wetu tunazika shambani kwetu, nyuma ya nyumba, na mvua za msimu mmoja zinatosha kuotesha majani juu.

Hata sensa yetu ilipishana na wimbi. Dodoso lake huuliza vifo vilivyotokea katika kaya katika miezi 12 iliyopita. Usiku wa sensa ulikuwa wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022. Hesabu nyuma miezi 12 na unafika Agosti 2021. Masika ile ya changamoto ya upumuaji iko nje ya mlango kwa miezi sita.

Ndiyo maana narudi kwenye kaunta buku. Mtendaji wa kijiji hubadilishwa kituo na makaratasi yake ya vibali vya maziko hubaki ofisini yakiliwa na mchwa. Daftari la rambirambi halitupwi, na wala halihifadhiwi kwa ajili ya historia. Linahifadhiwa kwa kuwa ni deni. Siku jirani akifiwa, baba mwenye nyumba anavuta sanduku chini ya kitanda, anafunua, anapitisha kidole: fulani alikuja kwetu na elfu kumi na nusu debe ya maharage. Basi na sisi tusipungue hapo. Akifa yeye, mwanawe ataendelea kulifunua. Nyumba inaweza kupoteza cheti cha kuzaliwa cha mtoto, hati ya shamba na kadi ya kliniki, lakini daftari hilo lipo, limefungwa kwenye mfuko wa nailoni.

Halina safu ya sababu ya kifo. Lina tarehe, na lina majina ya waliofika. Anayetaka kuihesabu Februari ya 2021 Ufipa anaweza kupita nyumba kwa nyumba kuanzia Mpui, Laela, Kaengesa, hadi Matai na Namanyere, akaomba kwa heshima aonyeshwe kurasa za kwanza tu. Itabidi aketi, anywe chai, aeleze yeye ni mtoto wa nani. Halafu sanduku litavutwa. Na akiwa makini ataona kitu kingine ambacho hakuna ofisi iliyokirekodi: msiba mmoja una majina mia nne, na unaofuata, wiki tatu mbele, mtaa uleule, una sabini. Watu walikuwa wameanza kuogopa kuja.